Fimbo ya Mbali: Historia ya Zimamoto za Miji na Maafa ya Barabarani, Ziwani na Pwani katika Afrika Mashariki na Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya huduma za zimamoto na uokoaji katika ukanda wetu kwa kuilinganisha na mahali yalipotokea maafa makubwa ya moto, vyombo vya usafiri na dhoruba kati ya mwaka 1872 na 2022. Hoja kuu ni kwamba huduma hizo zilirithi muundo uliobuniwa kulinda mali ya katikati ya mji, ilhali maafa mengi yaliyoua watu kwa wingi yametokea kando ya barabara kuu, ziwani na pwani, ambako anayefika kwanza ni jirani. Jirani huyo huwa mwokoaji ziwani, na mara nyingi huwa mhanga barabarani. Makala inapendekeza kwamba sera za uokoaji zimtambue kama sehemu ya mfumo, na kwamba Kiswahili kitumike kama lugha ya pamoja ya maonyo katika njia kuu za uchukuzi.

Maneno ya msingi: zimamoto, uokoaji, maafa, malori ya mafuta, Ziwa Victoria, Kiswahili

1. Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42-500 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Kati yao 24 waliokoka na 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Watu wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi waliokuwa karibu na ufuko, wakiwa na mitumbwi, kamba na makasia. Muda mfupi baadaye Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba mmoja wa wavuvi hao, kijana aliyesaidia kufungua mlango wa ndege, angeajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Uamuzi huo unaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwanza, ulikuwa tuzo ya ushujaa, na tuzo hiyo ilistahili. Pili, ulikuwa ukiri. Mtu aliyeifanya kazi ya jeshi alikuwa nje ya jeshi, na njia iliyopatikana ya kumtambua ilikuwa kumwondoa ufukoni na kumvika sare. Swali linalobaki, ambalo ndilo msingi wa makala hii, ni hili: ufuko alikotoka ulipata nini?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii inaeleza kwa ufupi tatizo la kihistoria tunalolichunguza. Hatukusudii kuorodhesha maafa yote ya ukanda huu. Tunachagua machache ambayo tarehe na mazingira yake yanajulikana vyema, kisha tunauliza kila mara: huduma rasmi ilijengwa wapi, tukio lilitokea wapi, na nani alikuwepo kabla ya gari la zimamoto kufika?

2. Mali kwanza: chimbuko la muundo

Zimamoto ya mji kama tunavyoijua katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza ina asili yake katika biashara ya bima. Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, makampuni ya bima yaliunda vikosi vyao vya kuzima moto. Mwaka 1833 makampuni hayo yaliunganisha vikosi vyao chini ya James Braidwood, aliyekuwa ameongoza zimamoto ya Edinburgh. Kazi ya msingi ya kikosi hicho ilikuwa kupunguza hasara ya wenye bima. Kuokoa watu waliokwama ghorofani kulikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya chama cha hisani kilichoanzishwa mwaka 1836, ambacho kiliweka ngazi za kuokolea katika mitaa ya jiji. Kwa maneno mengine, katika jiji moja mali ilikuwa na kikosi chake na uhai ulikuwa na wafadhili wake.

Mgawanyo huo ulivunjika kwa moto. Mnamo Juni 1861 maghala ya Tooley Street, kando ya mto Thames, yaliungua kwa siku nyingi na Braidwood mwenyewe aliuawa na ukuta uliomwangukia. Hasara ilikuwa kubwa kiasi kwamba makampuni ya bima yaliiambia serikali kuwa hayangeweza tena kuubeba mzigo huo. Sheria ya 1865 ikaunda zimamoto ya umma iliyoanza kazi mwanzoni mwa 1866, na mwaka 1867 ngazi za kile chama cha hisani zikakabidhiwa kwake.

Historia hii ina mafunzo mawili. Kwanza, uokoaji wa maisha haukuwa sehemu ya asili ya zimamoto. Uliongezwa baadaye. Pili, hatua ya kuongeza jukumu haikutokana na hoja nzuri peke yake, bali na tukio lililoonyesha waziwazi kwamba muundo wa zamani haukutosha.

3. Mji wa kikoloni na mipaka ya bomba

Muundo huu ulipofika Afrika Mashariki ulikutana na miji iliyokuwa tayari imegawanywa. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1914 ziliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu kwa kigezo cha aina ya majengo: nyumba za Kizungu upande mmoja, eneo la biashara katikati, na nyumba za udongo na makuti katika kanda ya tatu, iliyokuja kujulikana kama Kariakoo. Nchini Kenya, reli, maghala na maduka ya Nairobi ndivyo vilivyoamua kitovu cha mji. Kwa muda mrefu jiji hilo lilitegemea kituo cha zimamoto kilichoko katikati ya mji, katika barabara inayoitwa leo Tom Mboya, pamoja na kingine katika eneo la viwanda.

Hakuna ajabu katika mpangilio huo. Gari la zimamoto linahitaji barabara ya kupita na maji ya kutumia. Penye mabomba makubwa ya maji na barabara pana ndipo linapofanya kazi vizuri, na vitu hivyo viwili vilifuata mali yenye thamani. Kwa hiyo ramani ya huduma ilikuwa ramani ya mali, hata pale ambapo hakuna sheria iliyosema hivyo.

Baada ya uhuru miji ilikua haraka kuliko mabomba. Majukumu yakaongezeka, na lugha yenyewe inalihifadhi badiliko hilo. Zimamoto ni neno linaloeleza kitendo kimoja tu: kuuzima moto. Jina rasmi la chombo cha Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linabeba majukumu mawili, na la pili halina mipaka: uokoaji kutoka wapi, na kutoka katika nini? Mitaani Nairobi watu bado husema faya, na upande wa Burundi na Kongo neno lililozoeleka limetoka katika Kifaransa. Majina haya yote ya mitaani yanamtaja mtu wa moto. Hayamtaji mtu wa barabara wala wa ziwa.

4. Moto uliohamia barabarani

Wiki moja ya mwaka 2009 inaeleza badiliko hili kuliko takwimu nyingi. Tarehe 28 Januari, duka kubwa liliungua katikati ya Nairobi na watu 29 wakapoteza maisha. Huo ulikuwa moto wa aina ambayo zimamoto ya mji iliundwa kwa ajili yake: jengo, barabara ya lami, kituo kilicho karibu. Siku tatu baadaye, tarehe 31 Januari, lori la mafuta lililokuwa limepinduka Sachangwan, karibu na Molo katika barabara kuu ya kuelekea Eldoret, lililipuka wakati wanakijiji wakichota petroli. Waliokufa walizidi 110. Moto wa pili ulitokea mahali pasipo ghorofa, pasipo bomba, na mbali na jiji, lakini uliua zaidi ya mara tatu ya ule wa kwanza.

Sachangwan haikuwa ya mwisho. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katika mji mdogo wa Sange, katika barabara ya Bukavu na Uvira, Kivu Kusini. Baadhi ya watu walikuwa wakichota mafuta, wengine walikuwa wamekaa katika mabanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliwafikia wote, na waliokufa walikuwa takriban 230 au zaidi. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa ndio waliosaidia kuwasafirisha majeruhi kwa helikopta. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yaliyovuja kutoka katika bomba yalifuata mfereji hadi katika makazi ya Sinai, Nairobi, na kuua watu takriban 100. Tarehe 29 Juni 2013 moto wa lori la mafuta huko Namungoona, Kampala, uliua zaidi ya watu 30, wengi wao wakiwa waendesha bodaboda. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu ya Msamvu, Morogoro, ambako waliokufa walizidi 100.

Petroli ina tabia ambayo lazima ieleweke ili historia hii ieleweke. Ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakimwagwa juu yake huelea na kuendelea kuwaka. Kuizima vizuri kunahitaji povu maalumu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, huingia katika mitaro na mabondeni, na unaweza kuwashwa na cheche iliyo mbali na lori lenyewe. Kwa hiyo mwenye ndoo aliye kando ya lori na mpishi aliye mita nyingi kutoka hapo wako katika tukio moja. Ikiwa mvuke umekwisha kutanda, gari la zimamoto linalotoka mjini hufika kuhesabu hasara. Wakati wenye thamani ni dakika zile kati ya kupinduka na kuwaka, na katika dakika hizo wenye mamlaka ya kweli ni dereva, utingo, waendesha bodaboda na majirani.

Lori la mafuta hubeba onyo kwa mujibu wa mfumo wa kimataifa: kibao cha rangi ya machungwa chenye namba 33 juu na 1203 chini. Namba ya kwanza humwambia mtaalamu kwamba kimiminika hicho huwaka kwa urahisi sana, na ya pili kwamba ni petroli. Kibao hiki kinamfaa askari wa zimamoto aliyefunzwa. Kwa mtu wa Sange au Sachangwan ni tarakimu tu. Onyo limeandikwa kwa ajili ya anayefika mwisho, si kwa ajili ya anayefika kwanza.

5. Ziwa na dhoruba zake

Ziwani, jirani yuleyule hubadilika na kuwa tegemeo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Idadi inayotajwa mara nyingi inazidi 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 walifariki. Usiku huo shughuli za uokoaji zilisitishwa hadi kulipokucha. Siku ya pili baada ya ajali, mtu mmoja alipatikana akiwa hai ndani ya kivuko, mahali palipokuwa na hewa. Ukara ni kisiwa, na mitumbwi ya wavuvi ilikuwa hapo kabla ya chombo chochote cha serikali.

Ziwa Victoria lina sababu zake za kimaumbile za kuwa hatari. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupandishwa juu na dhoruba za radi hutokea usiku na alfajiri. Saa hizo ndizo wavuvi wengi wanapokuwa majini. Utaratibu huu unajulikana, na ndiyo maana mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, pamoja na idara za hali ya hewa za nchi za ukanda huu, ulijikita katika kuwafikishia wavuvi utabiri na maonyo. Hapa kuna mwelekeo tofauti na ule wa kibao cha 1203: onyo linaandikwa likiwa limemlenga mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Ajali ya Bukoba ya 2022 inaunganisha mambo yote haya: hali mbaya ya hewa, chombo cha usafiri, mji wenye uwanja wa ndege kando ya maji, na wavuvi wenye kamba. Watu 24 waliokoka. Hatuwezi kujua wangapi wengine wangeokoka laiti ufuko ungekuwa na vifaa, lakini tunaweza kusema kwamba vifaa vilivyopaswa kuwepo si vya ajabu.

6. Pwani: onyo na umbali

Historia ya dhoruba za pwani inaonyesha kwamba umbali unaweza kufupishwa. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliharibu sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na merikebu nyingi za Sultani Barghash. Zanzibar haikuwa na simu ya upepo wakati huo. Waya wa chini ya bahari kutoka Aden uliifikia mwaka 1879. Hakuna aliyeweza kuonywa, na hata habari ya maafa yenyewe ilisafiri kwa merikebu. Sultani alijenga upya nguvu yake ya baharini, na meli ya Glasgow ni sehemu ya juhudi hizo. Kilimo cha karafuu kikahamia zaidi Pemba, kisiwa ambacho hakikuumizwa kama Unguja. Mtawala aliokoa alichokiona kuwa mali yake, na mkulima akahama.

Mwaka 2019 hali ilikuwa nyingine, ingawa si kila mahali. Usiku wa tarehe 14 Machi kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira. Barabara ilikatika, mawasiliano yakapotea, na zaidi ya watu 600 walikufa nchini Msumbiji pekee. Katika siku zilizofuata, mashua za wavuvi zilishiriki kuwatoa watu Buzi na kuwafikisha Beira. Wiki sita baadaye kimbunga Kenneth kilipokaribia mpaka wa Msumbiji na Tanzania, mamlaka za Mtwara ziliwatangazia wakazi kufunga shule na shughuli na kwenda mahali salama. Kimbunga kiliingia nchi kavu upande wa Cabo Delgado tarehe 25 Aprili. Tangazo la Mtwara lilikuwa la lugha inayoeleweka, kwa watu waliotajwa, kabla ya tukio. Hicho ndicho kilichokosekana Unguja mwaka 1872, na ndicho kinachokosekana mpaka leo kando ya lori lililopinduka.

7. Sheria nyingi, barabara moja

Nchi zetu zimejibu kwa miundo tofauti. Tanzania, kwa Sheria Na. 14 ya 2007, iliiondoa zimamoto mikononi mwa halmashauri na kuunda jeshi la kitaifa. Kenya ilikwenda kinyume: Katiba ya 2010 imeweka huduma za zimamoto na udhibiti wa maafa katika serikali za kaunti. Uganda imeiweka kazi hiyo ndani ya Jeshi la Polisi. Kila muundo una hoja zake, na makala hii haichagui mmoja. Tunachokiona ni kwamba yote mitatu inajibu swali la nani aamuru kikosi, na swali hilo huja baada ya lile la nani yuko pale.

Wakati huohuo maafa hayatambui mipaka. Lori linaweza kupakia mafuta bandarini na kupita nchi mbili au tatu kabla ya kushusha. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, msaada wa kuzima kutoka angani ulitoka nchi jirani ya Rwanda. Ujirani wa mataifa umekwisha kufanya kazi hata pale ambapo hakukuwa na utaratibu wa kudumu.

Pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba waliochota mafuta walijua petroli huwaka, hivyo onyo halingewasaidia. Ni kweli kwamba umaskini ndio uliowasogeza wengi, na hakuna kibao kinachoondoa umaskini. Hata hivyo, kujua kwamba petroli huwaka si sawa na kujua kwamba mvuke wake unatambaa hadi jikoni kwa jirani. Ya pili ni kwamba raia asiye na mafunzo anaweza kufa akijaribu kuokoa. Hatari hiyo ipo tayari, kwa kuwa raia huenda kwa vyovyote. Sera haiwezi kumzuia kufika, inaweza tu kuamua atafika akiwa na nini. Ya tatu ni gharama. Kamba, majaketi ya kuokolea na mafunzo ya siku chache kwa vikundi vya usimamizi wa mialo, vile vinavyojulikana kama BMU, ni gharama ndogo ikilinganishwa na gari moja la zimamoto, na vikundi hivyo tayari vipo.

8. Hitimisho na mapendekezo

London ilihitaji moto wa Tooley Street ili ikubali kwamba mali na uhai vinahitaji chombo kimoja cha umma. Ukanda wetu umekwisha kupata Tooley Street zake nyingi, na kila moja imeacha simanzi, ahadi na tume. Kutokana na historia iliyofuatiliwa hapa tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila uchunguzi wa ajali uandike nani alifika kwanza, baada ya dakika ngapi, na akiwa na zana gani. Bila kumbukumbu hiyo, mtafiti wa kesho atapata idadi ya maiti na namba za magari tu, na mshauri wa sera atakosa kipimo cha kupangia.

Pili, mialo ya ziwa na vijiwe vya bodaboda vilivyo kando ya barabara kuu vitambuliwe kisheria kuwa vituo vya awali vya uokoaji, kila kimoja kwa kazi yake: mwalo kwa kusogea na kuokoa, kijiwe kwa kufunga njia na kuwarudisha watu nyuma.

Tatu, malori ya mafuta yabebe, pamoja na kibao cha kimataifa, onyo fupi la Kiswahili linalosomeka kwa mbali, na madereva wafundishwe maneno machache ya kutamka mara wanapopinduka: mafuta yanamwagika; rudini nyuma; msiwashe chochote; simameni upande unakotoka upepo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017, baraza la mawaziri la Uganda lilikiidhinisha mwaka 2022, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kutoka Mombasa na Dar es Salaam hadi Uvira, dereva na mwanakijiji wana lugha moja ya kuokoana. Wanaisimu wetu wanaotunga istilahi wana kazi hapa iliyo ya haraka kuliko kamusi nyingi.

Nne, msaada wa kuvuka mpaka, kama ule wa Bujumbura, uwekewe makubaliano kabla ya moto ujao, ili rubani asisubiri kibali wakati soko linaungua.

Kijana wa Bukoba alipewa sare, na ni haki yake. Lakini ndege ijayo, kivuko kijacho au lori lijalo halitachagua mahali alipopangiwa kazi. Litaangukia mbele ya jirani mwingine. Wajibu wa sera ni kuhakikisha kwamba jirani huyo ana kamba mkononi, na anajua lini asogee na lini arudi nyuma.